Alama Nyekundu kwenye Daftari la Riziki

Wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi, niwaambie mapema tusije tukalaumiana: mimi siwaamini. Si kwa ubaya. Miaka thelathini na miwili nilikaa kwenye zahanati moja hapa Likoni, na sikumuamini mtu. Sikumuamini mama aliyesema mtoto hajatia kitu kinywani tangu jana, na mtoto ana makombo ya mahamri kidevuni. Sikumuamini mwenye duka la dawa. Ile maabara ya vyumba viwili barabarani, inayomkuta kila anayeingia na homa ya matumbo, hata mimi nilipopeleka damu yangu nikiwa mzima, ndiyo sikuiamini kabisa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema siku nikiletewa maiti nitamfinya kwanza nione kama hajifanyi. Alikuwa akitania, lakini si sana.

Tabia hii nilifunzwa. Nilipoanza kazi nilikuwa mjinga mwenye huruma, kama mlivyo nyinyi sasa. Wiki ya kwanza mama mmoja aliniambia mwanawe amemaliza dawa zote, nami nikaandika: amemaliza dawa zote. Msimamizi wetu, Sista Pauline, mwanamke mfupi wa kutoka bara, akalitazama daftari, akanitazama mimi.

"Rukia, ulikuwa nyumbani kwake?"

"Hapana, Sista."

"Uliona chupa?"

"Hapana."

"Basi umeandika umbea. Hapa tunaandika tulichoona. Umeona? Andika. Hukuona? Mwambie alete chupa."

Mpaka leo nikifumba macho namsikia. Na nawaambia, chupa inasema mengi. Iinue kwenye mwanga. Ukiona unga umegandamana chini, jua haikutikiswa, mtoto amekunywa maji matupu siku tatu na siku ya nne akapewa dawa yote kwa mkupuo. Ukiona imekuwa nyepesi, jua maji yamepita mstari. Ukikuta imejaa mpaka shingoni na mama anakula kiapo wallahi ameimaliza nusu, basi hapo huna haja hata ya kuuliza. Na mwambie alete kijiko chake. Mimi nimeletewa kijiko cha chai, cha supu, na siku moja mzee wa watu akaniletea upawa wa wali.

Sasa hapa zahanati yetu watu huja na daftari la shule, lile jembamba la dukani, ndani yake tunaandika ugonjwa na dawa, mgonjwa anakwenda nalo nyumbani na kurudi nalo. Mimi nilikuwa na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Ya buluu ya kuandikia. Nyekundu ilikuwa ya alama ya kuuliza. Mtu akiniambia neno nisiloliamini, naliandika kwa buluu, pembeni naweka alama nyekundu, ili atakayemuona baada yangu ajue. Daktari wetu, Mutua, kijana wa Ukambani aliyekuja kwetu na kuzeekea papa hapa, alikuwa akifungua daftari na kucheka: "Aisee, Rukia, wewe serikali ilikosea. Ungefaa polisi."

Nilikuwa nikifurahi akisema hivyo. Nilidhani ananisifu.

Nije kwenye koo, maana ndilo nililokusudia. Koo la mtoto ni kitu cha kukutia wazimu. Mtoto anabana meno, mama anamsihi, foleni inanung'unika. Mpakate mtoto kwa mama yake, kisogo kifuani kwa mama, mkono mmoja wa mama kwenye paji la uso. Usimwambie fungua mdomo, mwambie akuimbie. Akiimba tu, tochi ndani. Kama koo ni jekundu na ana mafua na kikohozi, mara nyingi litaondoka lenyewe, msikimbilie kumwagia dawa. Lakini kama hana kikohozi, homa ipo, tezi za shingoni zimevimba ukizigusa analia, na huko nyuma kuna madoa meupe, hapo kaa chini. Huyo dawa yake aimalize mpaka siku ya mwisho.

Mtoto aliyenifundisha hilo mpaka likaniingia mifupani alikuwa akiitwa Riziki. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, na madrasani ndiye aliyekuwa akianza kaswida, wenzake wanamfuata. Nilimwambia aniimbie akaimba kweli, na koo lote lile lilivyokuwa linawaka. Foleni nzima ikanyamaza. Nikasahau hata kumulika tochi.

Mama yake, Mejumaa, alikuwa akishona kwenye kiwanda cha nguo huko Changamwe, anaondoka alfajiri. Kwa hivyo mara nyingi mtoto alikuwa akiletwa na nyanya yake, Bi. Mwanakombo, mkulima wa mihogo na nazi, Mdigo wa pale pale tangu mababu. Alikuwa hasemi sana, na mtu asiyesema sana mimi humshuku mara mbili.

Mara ya kwanza nikampa Riziki dawa ya unga ya kuchanganya na maji, ya siku kumi. Baada ya wiki nne koo limerudi. Tukampa tena. Likarudi tena. Mutua alikwenda likizo, aliyeshika nafasi yake akasema ni malaria. Wakampeleka ile maabara, wakaambiwa homa ya matumbo. Mimi nikaandika tezi za koo. Daktari mwingine aliyepita akasema ni mzio, ni vumbi la barabara, afungwe kitambaa. Daftari likawa limejaa majina ya maradhi, na mtoto kila mwezi yuko pale kwenye benchi, shingo imevimba.

Nikaanza kushuku. Nilianza na Mejumaa.

"Leta chupa."

Siku yake ya mapumziko akaileta. Ilikuwa tupu, na siku kumi zilikuwa bado sana, ilikuwa siku ya nne tu. Na tena ilikuwa imeoshwa! Nikaipeleka kwenye mwanga, inang'aa. Hebu niambieni, nani anaosha chupa ya dawa?

"Dawa ya siku kumi imeisha siku nne. Imekwenda wapi?"

Mejumaa akatazama chini. "Ilimwagika, Sista."

"Yote?"

"Ilimwagika."

Nikaandika kwa buluu: mama asema dawa ilimwagika. Pembeni nikaweka alama nyekundu. Mwezi uliofuata chupa tupu tena, imeoshwa tena, imemwagika tena. Nikaweka alama nyingine, nikaikoleza.

Kisha nikamshuku mwenye duka la dawa, maana siku ambazo zahanati haina dawa walikuwa wakinunua kwake. Nikavaa buibui na nikabu, nikaenda kama mteja nisiyejulikana, nikaagiza ile dawa niichunguze. Nikatia na kisauti chembamba. Yule kijana akanifungia dawa vizuri, akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, Sista Rukia." Nilikuwa sijavua viatu vyangu vyeupe vya kazi. Dawa yenyewe haikuwa na kasoro.

Akabaki nyanya.

Mnajua mambo ya kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kwetu huku wako watu, mtoto akikohoa au koo likimrudia, lawama yote ni ya kimeo: kimekuwa kirefu, kinamtekenya, kikatwe. Na mafundi wake wapo, wana vyuma vyao. Mimi nimewaona walioletwa baada ya fundi. Nimeshika beseni la damu ya mtoto wa miaka miwili. Kwa hivyo mtu akilitaja tu neno lile mbele yangu, nywele zinanisimama.

Bi. Mwanakombo alilitaja. Siku moja namulika koo, naye anachungulia, akasema, "Kimeo chake hicho kirefu, kama cha marehemu babu yake." Basi. Alisema hivyo tu. Lakini mimi nilishamaliza kesi. Nikajua huyu ndiye, ananingojea nishindwe apate sababu ya kwenda kwa fundi.

Mara iliyofuata zahanati imejaa, watu mpaka mlangoni. Riziki koo limemshika tena. Nyanya yake akanisogelea.

"Sista, nina neno."

"Sema."

"Huyu mtoto, koo likishapoa, zapita Ijumaa mbili tatu, magoti yamuuma. Leo hili, kesho lile. Mara hayo yamepoa, yaja kwenye vifundo vya miguu."

Nilimsikia. Msidhani sikumsikia. Niliandika kabisa, kwa buluu: nyanya asema magoti yauma, yahama. Lakini moyoni nikasema, anaipamba. Anaongeza maradhi yawe makubwa, ili nikisema sijui, aseme basi tumpeleke kwa fundi. Nikachukua nyekundu, nikaweka alama. Kisha nikasimama, na mbele ya foleni yote nikamwambia:

"Bi. Mwanakombo, nakuelewa unakokwenda. Mtoto huyu akikatwa kimeo, nitakwenda kwa chifu mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Utalala ndani."

"Kimeo? Sikusema kukata kimeo."

"Hukusema leo."

Watu wengine wakacheka. Bi. Mwanakombo akainama, akamvisha mjukuu wake viatu, pole pole, kimoja kimoja. Akachukua daftari lao. "Haya, Sista," akasema. "Umeshahukumu." Wakatoka, na dawa hawakuchukua.

Hawakurudi. Mwezi, miezi miwili, mitano. Na mimi, badala ya kujiuliza nimefanya nini, nikazidi kushuku. Nilisikia kwa jirani kwamba Riziki siku hizi haanzi kaswida, sauti inamkatikia njiani. Nikapiga meza. Nikamwendea Mutua.

"Wamemkata! Si nilisema? Wamemkata kimeo, ndiyo maana wamejificha."

Mutua akaniuliza neno moja tu. "Umeona?"

Maneno ya Sista Pauline yale, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumjua. Lakini alama yangu moyoni sikuifuta.

Asubuhi moja Riziki akaja. Amebebwa mgongoni, mtoto wa miaka minane, miguu yake inakaribia kugusa ardhi. Nyanya yake anahema, na mtoto anahema kuliko nyanya yake. Kifundo cha mguu kimevimba, hataki kiguswe hata na shuka.

Nataka mlisikie hili kama lilivyokuwa. Sikumuamkia Bi. Mwanakombo. Sikumpima mtoto homa. Kitu cha kwanza nilichofanya, nilichukua tochi nikamfungua mdomo.

Kimeo kilikuwepo. Kizima, kirefu, kama cha marehemu babu yake.

"Umekiona, Sista?" Bi. Mwanakombo aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Kipo. Sasa mtazame mtoto."

Nikamwita Mutua. Aliweka kile chombo chake kifuani pa Riziki, akakihamisha, akakirudisha, akafumba macho. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akauliza, magoti yalianza kumuuma lini?

"Nilisema hapa hapa," akajibu nyanya.

Mutua akafungua daftari. Nilimuona akipekua, nikajua anakokwenda, natamani ile karatasi iwe imechanika. Akafika. Akasoma mstari wangu wa buluu, akaiona alama yangu nyekundu. Hakunifokea. Alilifunga daftari akalikabidhi kwa nyanya, sio kwangu, na hilo liliniuma kuliko kufokewa.

Nyinyi mmesomeshwa haya, sisi tulikuwa tumeyasoma tukayasahau. Koo la aina ile lisipotibiwa likaisha, likawa linarudi, mwili wenyewe huchanganyikiwa, ukaanza kupigana na viungo, ukahamia kwenye moyo. Maumivu yanayotembea, leo goti hili kesho lile, hiyo ndiyo hodi yenyewe. Bi. Mwanakombo aliisikia hodi akaja kuniambia, mimi nikamtishia chifu. Walivuka kwa feri kwenda hospitali kubwa, moyo ukapigwa picha, wakaambiwa mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Hautapona ukawa kama zamani. Kilichobaki ni kuzuia koo lisirudi tena, kwa sindano ya penisilini kila wiki nne, miaka na miaka.

Nililia chooni. Nawaambia ili mjue ni ruhusa.

Lakini nilikuwa bado na shaka moja. Chupa. Jumapili nikaenda kwao mwenyewe. Nilikuta sinia la wali katikati ya mkeka na watoto wanne wamelizunguka, Riziki na binamu zake, wa mwisho hata meno hayajakamilika. Mejumaa akanikaribisha. Nikamuuliza pole pole, kwa mara ya kwanza nadhani, ile dawa ilikuwa ikienda wapi.

"Wote walikuwa wakiumwa makoo, Sista. Wote wanne, wanaambukizana. Nimpe wangu kijiko, wale watatu wanitazame? Hawa wanakula sinia moja."

"Mbona hukuniambia? Ningekupa chupa nne!"

"Nilikuogopa," akasema. "Unavyofoka mbele za watu."

"Na chupa ulikuwa ukiiosha kwa nini?"

"Sikuwa nikiosha. Ikiisha nilikuwa natia maji kidogo, natikisa, huyu mdogo apate ya mwisho."

Kwa hivyo kumbukeni: kabla hujamwambia mama alete chupa, muulize, nyumbani nani mwingine koo linamuuma? Ni swali dogo, halikuchukui hata nusu dakika. Na uliulize uso ukiwa laini, maana anayekuogopa atakudanganya, nawe utakuwa umemfunza kudanganya mwenyewe. Kushuku shukuni tu. Sijageuka malaika, ile maabara bado siiamini.

Tangu hapo, kila wiki ya nne, Alhamisi, Bi. Mwanakombo alimleta mjukuu wake kwenye sindano. Mvua, Ramadhani, siku ya kuvuna mihogo, hakukosa hata moja. Mimi ndiye niliyemchoma, miaka tisa. Ni sindano nzito, inauma mpaka siku ya pili. Riziki amekuwa msichana wa miaka kumi na saba, mrefu kunishinda. Kaswida anaimba, lakini anaimba ameketi, na katikati ya ubeti anatua kuvuta pumzi, wenzake wameshazoea kumngoja.

Siku yangu ya mwisho kazini ikaangukia Alhamisi yao. Wenzangu walikuwa wameleta keki na maneno. Bi. Mwanakombo akaingia na Riziki, mkononi amelishika daftari lile la zamani, la kwanza, amelifunga kwa nailoni lisiingie maji. Yeye msahafu anausoma vizuri, lakini herufi zetu hizi za Kizungu hazijui.

"Sista, kabla hujatuacha, kuna jambo limekuwa likinikera. Hivi vidude vyekundu. Mjukuu wangu asema ni alama ya kuuliza. Ulikuwa ukiuliza nini?"

Ningeweza kumdanganya, wala asingejua. Nikamwambia kweli. "Sikuwa nikiuliza, Bi. Mwanakombo. Ni pale nilipokuwa siamini."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua. Akamwambia Riziki amsomee mstari kwa mstari, na kila mstari aseme kama alama ipo.

"Mama asema dawa ilimwagika. Ipo."

"Rudi nyuma. Ile malaria?"

"Haipo."

"Homa ya matumbo?"

"Haipo, nyanya."

"Tezi?"

"Haipo."

"Lile vumbi?"

"Haipo." Riziki akafunua ukurasa. "Nyanya asema magoti yauma, yahama." Akanitazama, akatazama tena daftari. "Ipo."

Bi. Mwanakombo akaweka kidole kwenye ile alama. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kumbe ni sisi tu. Nyinyi mlikuwa mwajiamini."

Nikatia mkono mfukoni nikatoa ile kalamu nyekundu, nikalivuta daftari. Nikaweka alama kwenye malaria. Nikaweka kwenye homa ya matumbo, na kwenye vumbi. Ya tezi, ambayo ni mwandiko wangu mwenyewe, niliiweka kubwa. Nikarudi kwenye mstari wa magoti, nikaikata ile alama iliyokuwepo, nikatia sahihi yangu. Nikampa Riziki kalamu akae nayo.

Kisha nikavuta pazia, nikamwambia alale kifudifudi, nikamchoma sindano yake ya mwezi.